Ukipotea, Gonga

Sharifa nilimkuta uani, anamenya vitunguu. Ulikuwa msiba wa Madamu Theodora, Mapinga, kwenye nyumba ile aliyoijenga baada ya kustaafu na kuizungushia migomba kama vile hajawahi kuhama kwao Bukoba. Mbele, chini ya turubai, wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi na kwaya ya kanisani ikijaribu sauti. Nyuma ndiko tulikokuwa sisi, na mafiga, na masufuria ya kuazima, na moshi uliotufuata kila tulipohamia. Nilipofika nilikabidhiwa upawa wa mchuzi kabla sijaulizwa jina. Sharifa akainua uso, akaniona, akarudi kwenye vitunguu vyake. Mimi nami sikusema kitu. Watu wa bara wanaweza kukupita bila salamu kwa sababu wana haraka zao. Sisi wa huku mtu akikunyima salamu amekusudia, na aliyenyimwa anajua, na waliokaa karibu wanajua.

"Mnajuana?" akauliza mama mmoja, jirani wa marehemu, maana kimya chetu alikisikia.

"Tulikuwa chuo kimoja," Sharifa akasema.

"Yeye alikuwa anasoma," nikasema. "Mimi nilikuwa napika chai."

"Basi ni ndugu."

"Hapana," tukasema, na nadhani tulisema kwa pamoja.

Nina tabia ya kuandika jioni, mistari michache, kwa kadiri darasa langu la saba linavyoniruhusu. Lakini mwaka ule wa chuo niliandika nikiwa na hasira, na nikisoma sasa naona nilichoandika si sawa: kila ukurasa Sharifa ni mbaya na mimi ni mzuri, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo hapa nategemea kichwa zaidi. Nitajaribu kutenda haki. Sharifa akiyasoma haya atasema nimejipendelea, na huenda ni kweli, ila sijui ni wapi.

Chuo kilikuwa Bagamoyo, cha sanaa na mambo ya utamaduni. Jiko langu lilikuwa chumba chembamba nyuma ya ukumbi wa idara, kuta zimeshika masizi mpaka juu, na katikati ya ukuta kidirisha cha kupitishia chai. Asubuhi nilichemsha mihogo, nikakaanga maandazi, nikatia tangawizi kwenye chai mpaka walimu wakakohoa. Kidirisha kile kilikuwa hakifungi vizuri. Kwa hiyo mwaka mzima nilisikia kila kilichosemwa ukumbini, na ukumbini walisahau kwamba ukuta una mtu nyuma yake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walitakiwa kufanya utafiti, na kutokana na utafiti huo watengeneze kazi ya sanaa, kisha wasimame mbele ya watu waieleze yote kwa dakika kumi. Dakika kumi tu. Ukifika ya kumi na moja kengele inalia, unakaa, na kilichobaki unabaki nacho tumboni.

Sharifa alikuwa binti wa mji mkongwe, wa nyumba zile za milango ya nakshi, na alilelewa kusema mbele za watu kama watu wa kwao wanavyosema. Siku yake ya kwanza alisimama ukumbini, baibui limepigwa pasi, akaanza na salamu. Akamsalimia mkuu wa idara. Akawasalimia walimu, kwa cheo. Akawasalimia wageni waalikwa, wazee, wazazi, wanafunzi wenzake. Akasema itifaki imezingatiwa, na sote tukadhani amemaliza, mimi mwenyewe nimeshika sinia la vikombe nasubiri kusikia. Ndipo akaanza kushukuru. Akamshukuru Mungu, wazazi, mwalimu wake wa madrasa, mwenye nyumba aliyempangisha chumba huko Mlingotini. Alisema vizuri, kwa sauti nzuri, na kila alilosema lilikuwa la adabu. Akafika "utafiti wangu unahusu" na kengele ikalia. Ukumbi ulicheka. Kusema haki, wenzake wote walikuwa na ugonjwa huo huo, ila wao walijiachia dakika nne au tano za kazi yenyewe, yeye hakujiachia hata moja.

Siku iliyofuata nilimsikia mkuu wa idara akinywa chai na Madamu Theodora, mwalimu aliyemsimamia Sharifa. "Mpe nafasi moja tu," mkuu alisema. "Akishindwa tena, aende kwao bila cheti. Watu wanasema tunapendelea watoto wa mjini." Madamu akajibu kwamba yeye hampendelei mtu, na kwamba hiyo nafasi ya pili haitakuwa hapa ukumbini. Idara ilikuwa na utaratibu wa kuirudisha kazi kule ilikotolewa, yaani uwaeleze wenyewe ulichokiona kwao. Sharifa alikuwa amefanya utafiti Mlingotini, kwa wanawake wanaolima mwani baharini. Basi atasimama Mlingotini, mbele yao, na mtahini atatoka Dar es Salaam.

"Ana wiki chache," mkuu akasema. "Nani atamsikiliza mazoezi? Walimu wote wana mitihani."

"Zena wa jikoni."

"Yule? Anajua nini?"

"Hajui chochote. Ndiyo maana."

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, hatua mbili kutoka kwao. Nililiweka chini polepole. Mpaka leo sijaamua kama maneno yale yalikuwa matusi au kazi tu. Madamu alikuwa hivyo, alikuwa akisema kitu kama anavyokata nyama, hatazami mfupa ni wa nani.

Utaratibu ulikuwa huu. Sharifa angekuja jikoni baada ya chai ya mchana, asimame mbele yangu, anieleze kazi yake huku mimi naendelea na shughuli zangu. Nikipotea, nigonge kijiko kwenye kifuniko cha sufuria. Nikigonga, anyamaze, arudi pale aliponipoteza, aanze upya. Asibishane, asinieleze pembeni. Madamu alinipa kijiko mwenyewe, cha chuma, kirefu. "Ukipotea, gonga. Usimwonee huruma."

"Madamu," Sharifa akasema, na alikuwa anamtazama yeye, si mimi, "nimesoma miaka yote hii nije nigongewe sufuria na mpika chai?"

"Hujagongewa bado. Anza."

Akaanza na salamu. Madamu akachukua kijiko mkononi mwangu akagonga yeye. "Umemsalimia nani? Huyu umemkuta hapa toka asubuhi. Anza na kazi!" Kisha akasema jambo ambalo lilituchoma sote wawili, mimi wa kijijini Mkange na yule wa mjini: "Watu wa pwani mnasalimiana mpaka chakula kinapoa. Mkimaliza kusalimiana hamna tena cha kusema."

Tulikuwa na adui mmoja, tungeweza kuwa marafiki kwa hilo. Hatukuwa. Alipotoka Madamu, Sharifa alinisogelea, pua ameiziba kwa mkono kwa sababu ya moshi. "Unagonga kwa sababu hujui Kiswahili," akaniambia. "Huko Mkange mnaongea Kizigua na nguruwe."

"Nguruwe wa Mkange wanaelewana," nikamjibu. "Wewe jana umeongea mbele ya ukumbi mzima, na aliyekuelewa ni kengele."

Ndivyo tulivyoishi. Kila mchana alikuja kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alikuwa anasema "mustakabali wa kiuchumi wa mwanamke wa pwani katika muktadha wa," na mimi nachambua mchele, naona maneno yanapita kama magari barabarani, hakuna linalosimama. Nikagonga. Akavuta pumzi, akarudi. Akasema tena kwa namna nyingine. Nikagonga. Siku moja alitupa karatasi zake jikoni kote, moja ikaingia kwenye beseni la unga. Alinishtaki kwa Madamu kwamba nagonga kwa chuki. Nilijichunguza sana kuhusu hilo, na nimejichunguza tena kabla ya kuandika. Ninachoweza kusema ni kwamba kila nilipogonga nilikuwa sijaelewa. Kama kutoelewa kwenyewe kulitokana na chuki, hapo sina jibu. Mtu ukimchukia, hata "habari za asubuhi" yake inakuwa na kona. Na mara nyingine kosa lilikuwa langu waziwazi, nilikuwa nawaza mihogo yangu inaungua.

Kupitia kidirisha nilimsikia pia akiongea na shoga yake mmoja, wanakula maandazi yangu. "Yule mshamba anajiona mtahini. Akishika kile kijiko utadhani kashika rungu la spika." Wakacheka. Kisha shoga yake akauliza, "Lakini kazi yako yenyewe inasema nini, Sharifa? Mimi hujawahi kuniambia." Sharifa akasema, "Inasema mambo mengi." Sauti yake siku hiyo haikuwa ya kuringa, nakiri.

Ilikuwa ni baada ya hapo, sikumbuki siku gani, alikuja jikoni amechoka, hakushika karatasi, akakaa kwenye kigoda badala ya kusimama. Nilikuwa namenya viazi. Akasema kama mtu anayelalamika: "Kule ni hivi. Wanawake wana mashamba baharini. Wanapigilia vigingi mchangani, wanafunga kamba, kwenye kamba wanafungia mwani, maji yakipwa wanakwenda kuuangalia. Ukikosa kwenda, mwani unaoza au unachukuliwa na maji. Sasa mwanamke akifiwa, yuko ndani, hawezi kwenda. Wenzake wanafunga mwani wake kwanza, kabla ya kufunga wa kwao. Kwanza, si mwisho. Hata kama maji yataanza kujaa kabla hawajafika kwenye wa kwao. Basi. Ndiyo hiyo. Nimechora mikono yao."

Kijiko kilikuwa karibu yangu. Sikukigusa. Akanitazama akisubiri, na nilipoendelea kumenya akaelewa, akasonya, akatoka nje. Nilimsikia kidirishani akimwambia Madamu, "Amenyamaza." Madamu akasema, "Basi hivyo hivyo. Neno la kwanza liwe mwanamke akifiwa. Hakuna salamu, hakuna shukrani, hakuna nini. Ukifungua mdomo kusalimia nakukatisha mimi mwenyewe."

Tulikwenda Mlingotini kwa gari la chuo. Nami nilichukuliwa kwa sababu ya chai, chupa kubwa na maandazi kwenye ndoo, na kile kijiko kirefu, cha kukorogea. Shughuli ilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Madawati ya mbele walikaa wanawake wa mwani, kanga zao bado zimelowa upindoni, vidole vyeupe vimekunjamana kwa maji ya chumvi. Katikati yao Bi Mwanaisha, kiongozi wao, mzee, mnene, ameweka bakora magotini. Wazee wa kiume ukutani na kofia zao. Mtahini wa Dar alivua saa akaiweka mezani mbele yake. Ukutani Sharifa alikuwa ametundika picha zake, mikono mitupu, kubwa kubwa, na wale wanawake walikuwa wanaoneshana kwa kidole, "ule wako, huo si wako, huo una pete." Walikuwa wamefurahi. Nataka hilo lijulikane. Walikuja wamefurahi.

Mtahini akasema, "Muda wako umeanza."

Sharifa akasimama, akawatazama usoni, akasema, "Mwanamke wa hapa akifiwa, wenzake hufunga mwani wake kabla ya kufunga wa kwao."

Sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kusema. Darasa likanyamaza, na mwanzoni nilidhani ni kimya cha kusikiliza. Akaendelea na ya pili. Ndipo Bi Mwanaisha akamgeukia jirani yake, hakupunguza sauti: "Huyu mtoto hana shikamoo?"

"Labda chuoni wamemfutia," jirani akasema.

"Amekaa nyumbani kwangu, amekula wali wangu. Leo ananisimamia kichwani anataja misiba yangu, bila hata hodi?"

Mmoja akajifunika kanga usoni. Mwingine akainuka, akasema anakwenda kuangalia jiko lake, na wawili wakainuka naye. Mzee mmoja ukutani akasema, "Binti wa watu, huyu?" kwa namna ambayo kwetu ni zaidi ya tusi. Sharifa akasita, akamtazama Madamu. Madamu amesimama nyuma, mikono kifuani: "Endelea!" Mtahini akatazama saa. Sharifa akaendelea, sauti imepanda, anasema vizuri yale yale ya jikoni, moja baada ya jingine, na kila alilosema linagonga migongo ya watu. Kama wale wanawake wangetoka, hakuna kurudisha kazi, na cheti ndiyo kimekwisha. Yeye alijua. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga.

Nikagonga kijiko kwenye chupa ya chai.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na nimejiuliza mwenyewe mara nyingi zaidi. Sikuwa na busara yoyote, wala sikutaka kumwokoa mtu. Nilikuwa nimepotea. Maneno niliyaelewa yote, lakini nilikuwa sijui tena anaongea na nani. Jikoni alikuwa anaongea na mimi. Pale hakuwa anaongea na mtu.

Sharifa alinyamaza katikati ya neno, kama alivyozoeshwa. Madamu akanitolea macho. Sharifa naye akanitazama, na sijawahi kutazamwa kwa chuki namna ile, si kabla wala baadaye. Lakini utaratibu ulikuwa umeshamwingia mwilini: nikigonga, arudi pale aliponipoteza. Akarudi. Alitembea mpaka kwa Bi Mwanaisha akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mwanaisha akamwacha pale. Alimwacha muda mrefu, na saa ya mtahini inakwenda. "Marahaba," akasema mwishowe. "Umekuja?"

"Nimekuja, bibi. Nilianza vibaya."

"Nimeona."

Akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mstari mzima, mmoja mmoja, halafu wazee wa ukutani, na wale waliokuwa mlangoni wakarudi wakakaa. Madamu alikuwa anatikisa kichwa. Aliposimama tena mbele zilikuwa zimebaki dakika chache mno. Akasema sentensi zile zile, sasa kwao, anageuka: "wewe shangazi ulipofiwa na mumeo," "huu mkono ni wako." Akamaliza kabla muda haujaisha.

Bi Mwanaisha akainua bakora. Hakutabasamu. "Umesema kweli, lakini umesema kama sisi ni malaika," akasema. "Yupo mmoja hapa, simtaji, tuna miaka hatusemezani. Alichukua vigingi vyangu. Alipofiwa na mwanawe nikamfungia mwani wake, kwanza, kabla ya wangu. Sikumwambia pole. Mpaka leo simsalimii. Hilo uliandike."

Darasa zima likageuka kumtazama mama mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alikuwa anatazama dirishani.

Sharifa alipita kwa alama za mwisho mwisho. Mtahini aliandika kwamba alitumia muda wake ovyo. Kwenye gari Madamu aliniambia, "Nilikupa kijiko cha kusikilizia, si cha kuongoza," na kuanzia siku hiyo wanafunzi hawakuletwa tena jikoni kwangu. Nilidhani Sharifa atasema neno. Alisema, akiwa amegeukia dirishani: "Na mimi sikukuomba." Mwaka ulipoisha niliacha kazi ile. Madamu nilionana naye mara nyingi baadaye, sokoni, barabarani, na kila mara alinipita bila salamu, lakini hilo kwake halikuwa na maana yoyote, ndivyo alivyokuwa anawapita watu wote. Nilipougua mwaka juzi alikuja hospitali, akakaa kitandani, akauliza, "Wanakupa dawa gani?" akaondoka. Sijui niandike nini zaidi juu yake.

Basi pale uani Mapinga mchuzi ulikuwa unakaribia kuiva, na mwendesha ratiba akaja kutuambia misa inaanza karibuni, na mwanafunzi wa zamani wa marehemu ajiandae kusoma wasifu. Sharifa akanawa mikono yenye vitunguu. Siku hizi naye anafundisha, anavaa miwani. Akatoa karatasi kwenye mkoba. Nilidhani atakwenda mbele. Badala yake akavuka ua, akapita wanawake wote, akaja kusimama mbele yangu, upande wa pili wa sufuria, karibu kama alivyokuwa anasimama zamani. Hakunisalimia. Akafungua karatasi akaanza kusoma, kwa sauti ya chini, kama vile mimi ni ukuta.

"Marehemu Theodora alikuwa mama wa wote, mpole, mcheshi, mwenye upendo kwa kila aliyemfikia."

Nikagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria.

Jirani wa marehemu akashtuka. Sharifa akasonya, ule msonyo wa zamani, mrefu. Akachomoa kalamu, akapiga mstari, akafikiri kidogo huku moshi unampiga machoni, hakuziba pua. Kisha akaanza upya.

"Marehemu hakupenda salamu," akasema, akasubiri.

Nikaendelea kukoroga mchuzi.